Wasichana Kumi na Tisa

Jumamosi, 2 Machi

Tumeanza msimu. Wamekuja wasichana kumi na tisa, idadi ambayo sijawahi kuipata tangu nianze kuwafundisha. Mdogo kabisa ana miaka tisa, mkubwa ana kumi na tano. Wote ni kundi moja.

Wavulana wa klabu hii wana makundi manne: chini ya miaka minane, chini ya kumi, chini ya kumi na tatu na chini ya kumi na sita. Kila kundi lina kocha wake, siku zake na mipira yake. Kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani ofisini, sisi tumeandikwa neno moja tu, chini kabisa: *Wasichana*. Utadhani msichana hazeeki.

Nimemwuliza Mwenyekiti tena, kama nilivyomwuliza mwaka jana na mwaka juzi. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, anapenda majedwali kuliko mpira wenyewe. Akasema bila kuinua macho, "Kocha, niletee wasichana arobaini, nitakupa makundi manne. Hesabu haina upendeleo."

Mwishoni mwa msimu uliopita niliulizwa mambo mengi, na yale niliyoulizwa ndiyo niliyokuwa nimeyasahau. Safari hii naandika.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Kazini ilitukuta tumeanika, shuka zote za wodi mbili zikarudi mashineni. Mimi ni dobi wa hospitali, mwaka wa kumi na saba huu. Wasichana hunitania: "Kocha, wewe mchana pasi, jioni pasi!" Mazoezi yamefanyika. Kumi na nane.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimecheka hadi mbavu zikauma. Tuna mtoto mmoja wa miaka tisa, binti wa msusi wa pale karibu na kisima, wanamwita Sisimizi. Shingo yake ukiizungushia vidole, vinakutana. Anampenda mpwa wangu, yule wanayemwita Trekta, anamfuata kama mkia. Trekta ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ninaishi naye tangu akiwa na miaka sita. Sasa ana kumi na tano na amenipita kimo kwa kichwa kizima. Leo Sisimizi amempiga tobo. Mpira umepita katikati ya miguu ya Trekta naye akapita pembeni, na Trekta akacheka hadi akakaa chini kwenye matope.

"Mama mdogo, umeona? Kaniaibisha!"

"Nimeona. Na nimeandika."

Nimerudi nyumbani nikiwaza: siku wakigongana hawa wawili, itakuwaje? Wazo hilo nimekaa nalo jioni nzima, na sijafanya lolote.

Jumanne, 12 Machi

Kumi na saba. Wawili wana mafua.

Jumamosi, 16 Machi

Ningeweza kuahirisha. Uwanja ulikuwa umelowa, upande wa goli la chini maji yamesimama. Lakini tulikuwa tumekosa Alhamisi, na wasichana walikuwa wamekuja kumi na tisa wote, nikaona haya kuwarudisha.

Mpira ulikuwa umekwama kwenye maji. Trekta alitoka mbali, akateleza kuufuata kwa mguu ulionyooka kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Sisimizi akaingia kutoka pembeni. Hakuna aliyekosea. Nimelirudia kichwani mara nyingi leo na sioni aliyekosea. Mlio haukuwa mkubwa. Mipira ya wavulana upande wa pili iliendelea kudunda, na sisi wote tulisimama.

Kocha wa wavulana wa chini ya kumi na tatu ni mchomeleaji vyuma, tunamwita Fundi. Alikuja mbio, akang'oa ubao wa benchi, tukamlaza mtoto juu yake, tukamfikisha hospitali kwa gari lake la kubebea mageti. Hospitali yangu. Wamemlaza kwenye shuka niliyoipiga pasi juzi. Naijua kwa kiraka chake. Sisimizi hakulia. Alikuwa ananiuliza, "Kocha, goli limeingia?"

Mama yake amefika na kitana kimechomekwa kichwani, mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko.

"Nani kamvunja mwanangu?"

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewapanga pamoja."

"Mtoto wa miaka tisa unamchezesha na mwanamke mzima? Wewe akili zako ziko sawasawa?"

Swali hilohilo nimekuwa nikimwuliza Mwenyekiti miaka mitatu, na katika miaka hiyo mitatu nimeendelea kuwachezesha.

Nyumbani nimemkuta Trekta ameosha njumu zake, amezianika, naye amekaa mbele yake akizitazama. Chakula hajakigusa.

"Mama mdogo, niliusikia mguu wake. Kwenye mguu wangu."

Jumapili, 17 Machi

Wamemfunga plasta ngumu kuanzia vidoleni hadi pajani. Wiki kumi, amesema daktari, kama mfupa utakuwa mtiifu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeandika barua kwa Mwenyekiti, na nakala nimeipeleka ofisi ya michezo ya wilaya. Nimeandika hivi: *Kuwachanganya watoto wa miaka tisa na wa miaka kumi na tano ni hatari na ni dhambi. Naomba wasichana wagawanywe kwa umri kama wavulana, au wasicheze kabisa.* Nimeisoma mara mbili. Hayo maneno ya mwisho yamenipendeza sana.

Jumamosi, 23 Machi

Wamekubali! Mwenyekiti amechora jedwali jipya kwa rula, akalibandika ukutani mbele yangu. Wasichana sasa wana mistari mitatu. Chini ya kumi: wanne, tukimhesabu na Sisimizi. Chini ya kumi na tatu: wanane. Chini ya kumi na sita: saba.

"Ila kila kundi lifikishe majina kumi na moja ifikapo tarehe thelathini na moja Mei," akasema. "Lisipofika, linafutwa. Sheria ya wavulana hiyohiyo."

"Litafika."

Fundi amenipa mkono. "Umeshinda, dada." Na mimi nilijiona nimeshinda.

Jumanne, 26 Machi

Siku ya kwanza ya wadogo peke yao. Wamekuja watatu. Wamepigiana pasi za pembetatu kwa saa nzima kwenye uwanja wa kuwatosha watu ishirini na wawili. Mmoja akaniuliza, "Wengine wanakuja saa ngapi?"

Jumamosi, 30 Machi

Wakubwa: sita. Mvua ya kunyesha na kuacha, kunyesha na kuacha.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikutegemea. Nilikuwa natoka kwenda kutafuta wasichana nyumba hadi nyumba, nikamkuta msusi, mama yake Sisimizi, amesimama mlangoni kwangu na mwavuli.

"Twende," akasema.

"Wewe?"

"Mtoto ananiua kwa maswali. Kundi lake lina wangapi, limefika wangapi. Nisipomletea idadi, hali chakula. Halafu vichwa vya wasichana wa mtaa huu nusu vimepita mikononi mwangu, mama zao wananijua."

Tumezunguka hadi jioni, viatu vimekuwa vizito kwa tope. Nilikuwa nimemweka kwenye fungu la watu wagomvi. Kumbe ni mtu anayepiga kelele mara moja, kisha anafanya kazi. Lakini kila mlango ulikuwa na jibu moja lenye nguo tofauti. Baba mmoja hata hakutualika ndani.

"Mpira wa wasichana? Ule aliovunjikia mtoto wa msusi?"

"Mimi ndiye msusi," akasema msusi. "Na bado nataka acheze."

"Basi wewe una moyo. Mimi nina binti mmoja tu."

Tumepata mmoja, wa miaka kumi na moja. Kundi la kati sasa ni tisa. Tuliporudi msusi akasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini angalau kinakuna." Tukacheka.

Jumanne, 9 Aprili

Mama wa mapacha amewatoa wote wawili. Anasema zamani walikuwa wanakuja na dada yao mkubwa na kurudi naye. Sasa dada yao ana siku yake, wao wana siku yao, nani atawasindikiza? Kundi la kati: saba.

Hilo sikuliona. Nilihesabu miaka yao, sikuhesabu nani anatembea na nani njiani.

Alhamisi, 11 Aprili

Wamekuja wawili.

Jumamosi, 13 Aprili

Trekta hakabi tena. Mshambuliaji anamjia na mpira, yeye anarudi nyuma, anarudi nyuma, hadi anajikuta ndani ya goli amesimama karibu na kipa. Nilimfokea mbele ya wenzake: "Wewe ni beki au mlango wazi?" Aliinama akafunga upya kamba za njumu. Nilidhani ni kiburi cha umri.

Tulipokuwa tunakunja nyavu akaniambia, polepole, bila kunitazama: "Kila mtu akinikaribia, nausikia. Nikijilazimisha, miguu inakataa."

"Lakini hawa ni wakubwa wenzako. Hawavunjiki."

"Wote wanavunjika, Mama mdogo."

Nilikuwa nimewagawa ili asimwumize mtu tena. Yeye amejigawa mwenyewe, kundi la mtu mmoja.

Jumamosi, 20 Aprili

Wakubwa wamebaki watano. Mmoja amehama. Mwingine anasema mama yake amerudi kazini, lazima alee wadogo zake. Nikawaambia wacheze watatu kwa wawili. Walicheza dakika kumi, wakaketi kusuka nywele.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nilisubiri saa nzima. Hakuna aliyekuja.

Ijumaa, 26 Aprili

Shuka hazikauki. Tumezianika hadi kwenye korido, wagonjwa wanapita wakiinama.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa Mwenyekiti kumwomba atuchanganye tena. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno makali, nimeyafanyia mazoezi njia nzima. Amenifungulia mwenyewe, amevaa kandambili na sweta lililotoboka kiwiko, akanikaribisha kwenye chumba chenye kiti kimoja kizima. Akanipa hicho kiti, yeye akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Kumi na sita waliobaki," nikasema. "Niwachezeshe pamoja tu. Nitakuwa mwangalifu, nitawatenganisha kwenye mechi, nitakuwa nawasimamia mguu kwa mguu."

Aliinuka kwenye ndoo. Kisha akaenda kwenye kabati, akarudi na barua yangu.

"Hii ilifika wilayani," akasema. "Wameipenda. Wameisoma kwenye kikao. *Ni hatari na ni dhambi.* Sasa ni kanuni ya klabu zote: wasichana wasichanganywe umri, kila kundi liwe na majina kumi na moja."

"Klabu zote?"

"Zote sita. Nilikutana na makatibu wao juzi. Hakuna hata moja iliyofikisha kumi na moja popote. Mmoja alikuwa na wasichana ishirini na wawili Februari. Sasa ana sita."

Sikuwa nimewaharibia wangu tu. Kuna mahali wasichana nisiowajua, ambao sura zao sitaziona, wamekaa nyumbani kwa sababu ya sentensi iliyonipendeza.

"Kwa nini hukunizuia?" nikamwuliza.

"Ulikuwa sahihi, mwanangu." Akaikunja barua kufuata mikunjo yake ya zamani. "Nimefundisha hesabu miaka thelathini na mbili. Jibu linaweza kuwa sahihi na likakuachia mikono mitupu. Mimi nilikuwa nasema niletee arobaini si kwa dharau. Nilikuwa najua hawapo."

Miaka yote nimemwona mzee huyu kama ukuta. Leo nimeona ni mtu aliyechoka tu, ambaye alikuwa anatukinga kwa kutotuandika vizuri.

Jumatatu, 6 Mei

Nimemwomba Fundi awachukue wakubwa watano wafanye mazoezi na wavulana wake, mazoezi tu, si mechi.

"Mimi nakuunga mkono, dada, unanijua. Ila wazazi…"

"Wazazi wa nani?"

"Wazazi kwa ujumla."

Akarudi kwenye mageti yake, akashusha kinyago cha kuchomelea, na huwezi kuzungumza na mtu aliyeshusha kinyago.

Alhamisi, 9 Mei

Wamekuja wanne.

Jumapili, 12 Mei

Shemeji amepiga simu, baba yake Trekta. Mkewe mpya amejifungua, hana wa kumsaidia. Anamtaka binti yake. Shule ziko huku pia, anasema, ataandikishwa.

Miaka yote amekuwa akigusia jambo hili, na miaka yote nilikuwa na jibu: mtoto ana timu yake, ana kundi lake, usimkate katikati. Leo akauliza, "Kwani huko jioni anafanya nini?" Nikasema nitamwuliza mwenyewe.

Nilimwuliza Trekta anataka nini. Nilitaka akatae. Nilikuwa tayari kugombana na dunia nzima kama angekataa.

"Nitaenda," akasema.

"Kwa sababu unataka?"

"Hapa kuna nini, Mama mdogo?"

Akaoga, akakunja sare zake. Baadaye akanijia jikoni, mikono ameificha nyuma kama alivyokuwa akifanya alipokuwa na miaka sita.

"Mtoto mchanga anabebwaje?"

Nikachukua taulo, nikaliviringisha, nikamwonyesha: mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya makalio. Akalipokea. Msichana mwenye mapaja kama magogo, beki niliyekuwa najivunia wilaya nzima, alisimama katikati ya jikoni amelibeba taulo, akiogopa kupumua.

"Na nikimdondosha?"

"Hutamdondosha."

"Lakini nikimdondosha?"

Jumamosi, 18 Mei

Ameondoka saa mbili asubuhi. Mvua haikunyesha. Njumu ameziacha, hazimtoshi tena, alisema, lakini mwezi Machi zilimtosha.

Jumanne, 21 Mei

Wakubwa waliobaki hawaji tena. Sikuwauliza kwa nini.

Jumatatu, 27 Mei

Wamemkata Sisimizi plasta. Mguu umetoka mwembamba na mweupe kwa magamba, kama si wake. Msusi alileta mafuta yake ya nywele akaupaka hapohapo kitandani. Mtoto akauliza, "Tumefika wangapi?" Msusi akanitazama. Nikasema bado tunahesabu.

Ijumaa, 31 Mei

Siku ya mwisho. Ofisi hufungwa saa kumi. Mwenyekiti ameiacha wazi hadi saa kumi na mbili. Tulikaa wawili, mlango wazi, tukitazama njia. Alipita mwanamke na binti wa kama miaka kumi na miwili, nikasimama. Walikuwa wanatafuta duka la dawa.

Chini ya kumi: watatu. Chini ya kumi na tatu: sita. Chini ya kumi na sita: hakuna.

"Nikiongeza hata jina moja la uongo," akasema Mwenyekiti, "wilaya watakuja kuwahesabu."

"Najua."

Akachukua rula. Alifuta kwa mstari mmoja mmoja, polepole, kama mtu anayejaribu kutoumiza karatasi. Alipomaliza akalibandua jedwali lote, kwa sababu lilikuwa limechafuka, akasema Jumatatu atachora jingine.

Jumatano, 5 Juni

Jipya liko ukutani. Ni safi sana. Lina mistari minne.

Jumapili, 9 Juni

Trekta amepiga simu. Anasema mtoto analia sana. Anasema hambebi akiwa amesimama. Huketi sakafuni kwanza, ndipo wampe. Nikamwuliza kama huko kuna uwanja. Akasema upo, unaonekana dirishani. Kisha akasema mtoto ameamka.

Jumamosi, 15 Juni

Mvua zimekwisha. Uwanja umekauka, umekuwa mzuri kuliko siku zote. Nilikwenda kurudisha funguo za stoo na wavu wetu. Wavulana wa chini ya kumi walikuwa kwenye mazoezi.

Sisimizi alikuwa amekaa kwenye benchi, amevaa kaptura na soksi zilizovutwa hadi magotini. Mama yake alikuwa hajamwambia. Baadaye nilimpitia dukani kwake akasema, "Nilishindwa. Nilidhani wewe kama kocha utajua namna." Hakuna namna.

"Daktari amesema naweza kutembea haraka, kukimbia mwezi ujao," akasema mtoto. "Kundi langu linafanya mazoezi siku gani sasa?"

Nikakaa kando yake.

"Kundi lako limefutwa."

Akahesabu kwa vidole. "Nina miaka kumi tayari. Nilitimiza tarehe mbili. Kwa hiyo niko la chini ya kumi na tatu."

"Nalo limefutwa."

"La kina Trekta?"

"Nalo."

"Na wale?" Akaonyesha wavulana kwa kidevu.

"Hawaruhusiwi kuchanganya wavulana na wasichana."

"Makundi yetu kayafuta nani?"

Ningeweza kusema wilaya. Ningeweza kusema kanuni. "Mimi," nikasema. "Niliandika barua ulipoumia. Nilidhani nakusaidia."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Alinitazama kwa makini, kama anavyotazama mtu anayeelezewa hesabu na bado kidogo aielewe.

"Basi umri wangu haupo?"

"Haupo."

Akashuka kwenye benchi. Nilidhani anakwenda nyumbani, nikasimama nimsindikize, lakini alizunguka uwanja, akaenda kusimama nyuma ya goli la chini. Mpira ulipotoka aliufuata akichechemea, akauweka sawa kwa mkono, akaurudisha kwa mguu mzima. Aliupiga vizuri, chini, penye njia. Mvulana aliupokea bila kugeuka kuona umetoka wapi. Ukatoka mwingine, akaufuata.

Kocha wao alipopuliza filimbi, wavulana walikwenda kunywa maji na uwanja ukabaki mtupu. Sisimizi hakuingia. Alibaki nyuma ya goli, mkono ameshika mlingoti, akingoja warudi na wakose tena.